Mpwa wangu kaapdeti kompyuta ya duka, mwalimu kahamia kwa jirani

Shikamoo Mama,

Nina duka la steshenari hapa Morogoro, mwaka wa tisa sasa. Natoa kopi, naprinti, naskani, napiga picha za pasipoti, na msimu wa fomu za mikopo ya wanachuo ukifika ninafunga saa nne usiku. Kompyuta ni moja. Printa ni mbili: ile nyeusi ya kazi za kila siku, na ya rangi ambayo muda wote nimeiwekea karatasi za picha.

Hiyo kompyuta naijua kama jiko langu. Ule mstari wa vitufe unaokaa chini ya skrini niliuhamishia kushoto zamani, ukasimama wima. Juu kabisa Word, chini yake skana, chini yake folda niliyoiita LEO. Mteja akinipa flashi siangalii hata skrini. Mkono unakwenda wenyewe huku nahesabu chenji ya mtu mwingine.

Kwa miezi mingi ilikuwa ikiniletea tangazo kwamba kuna toleo jipya. Nabonyeza "baadaye". Kesho yake inaleta tena, nabonyeza "baadaye". Ijumaa ya wiki iliyopita nilikwenda msibani, duka nikamwachia mtoto wa dada yangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri kuchaguliwa kidato cha tano. Tangazo likamjia yeye. Akabonyeza "ndiyo". Nilipomuuliza akanijibu, "Mama mdogo, si imeandikwa bure?" Bure yenyewe imemaliza bando langu la mwezi.

Jumamosi asubuhi nawasha, naona nyumba ya watu. Mstari wangu wa kushoto haupo, vitufe vimekusanyika chini katikati kama watu wanaogombea daladala. Nabonyeza mausi kulia ili niprinti faili bila kulifungua, neno la kuprinti halionekani. Mwanachuo ana utafiti wake wa kurasa 70 na basi linaondoka. Nikaufungua, nikaprinti, nikageuka kumhudumia mwingine. Nilipogeuka tena, kurasa 31 zimeshatoka kwenye printa ya rangi, kwenye karatasi za picha! Mama, unajua bei ya karatasi za picha.

Hilo ni dogo. Mchana akaja mwalimu wa taaluma wa sekondari ya jirani, mteja wangu wa miaka sita, na mitihani ya nusu muhula: masomo manne, wanafunzi 160. Mafaili ya PDF. Safari hii nikawa makini, nikachagua printa nyeusi. Ikawasha taa ya machungwa, ikagoma. Nikabonyeza kile kitufe cha kuendelea, ikachapa. Kila ukurasa taa, kitufe, taa, kitufe. Nikapata karatasi za asili, nikatoa kopi zote, nikafunga kwa mpira, nikamkabidhi. Jumatatu akanirudia na mtihani wa Hisabati mkononi. Ukurasa wa pili, swali la mwisho, mstari wa mwisho haupo. Watoto 160 wamekalia swali lisilo na mwisho. Hakunifokea. Alisema tu, "Dada, mimi nimepewa karipio." Jumatano nimemwona anatoka duka la ng'ambo ya barabara na bahasha zake.

Kijana nilimfokea siku hiyo hiyo mbele ya wateja, na tangu hapo hajakanyaga dukani. Dada yangu anasema nimemdhalilisha mwanawe. Mimi nilikuwa nimemwahidi hela ya madaftari na viatu vya kidato cha tano, sasa nafikiria kuikata nifidie hasara. Fundi mmoja wa hapa mtaani anataka 30,000 anipigie ile Windows ya zamani, anayo kwenye flashi, anasema ni ya kukreki lakini haina shida.

Leo ni siku ya nane. Nirudi nilikotoka au nivumilie? Na nikuulize jingine, usinicheke: nina miaka 41, hivi ni mimi nimeshazeeka?

Mwenye steshenari, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba na pole kwa mtihani.

Ulipotaja siku ya nane niliacha nilichokuwa nikifanya nikakutumia ujumbe kwanza, maana safu hii ingekufikia umechelewa. Hapa naeleza kwa kirefu, kwa ajili yako na ya wenzako waliobonyeza "ndiyo", au waliobonyezewa.

Kwa maelezo yako umetoka Windows 10 ukaingia Windows 11, toleo lililotoka Oktoba 2021. Ukipanda hivyo, mashine huhifadhi mfumo wa zamani kwa siku 10. Ndani ya siku hizo unaingia kwenye setingi, upande wa System, halafu Recovery, unakuta kitufe cha "Go back". Mafaili yako yanabaki. Kinachoondoka ni programu ulizoweka baada ya kupanda. Siku ya 11 kitufe hicho hukikuti tena. Na mtu yeyote asije "kukusafishia" kompyuta ndani ya siku hizo akidhani ile folda kubwa ya Windows.old ni takataka. Hiyo ndiyo njia yako ya kurudi.

Sasa, urudi? Kabla ya kujibu nilisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipoiona ile taa ya machungwa.

Printa yako haikugoma, mwanangu. Ilikuwa inakuuliza swali. Mfumo ulipobadilika, printa nyeusi ilisajiliwa upya, na mara nyingi ikisajiliwa upya inasahau kwamba sisi tunatumia A4. Inarudi kwenye karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter. Hiyo ina upana wa milimita 216 na urefu wa 279. A4 yetu ni 210 kwa 297. Umeiona tofauti? Letter ni fupi kwa milimita 18. Kompyuta inaiambia printa, "hii kazi ni ya Letter," printa inachungulia trei yake, inaona A4, inawasha taa: niletee karatasi yangu. Wewe ukabonyeza kuendelea, ikachapa, lakini ikachapa kama vile ukurasa unaishia milimita ya 279. PDF iliyopangwa kwa A4 na kuchapwa kwa ukubwa wake halisi lazima imegwe mahali. Kwenye milimita 18 hukaa mistari mitatu hivi ya maandishi ya kawaida. Mitihani mingine mitatu ilipona kwa sababu walimu wake waliacha nafasi chini. Yule wa Hisabati alibana mpaka ukingoni.

Dawa yake haifiki dakika tano. Setingi, Printers & scanners, fungua ile printa nyeusi, ingia "Printing preferences", tafuta saizi ya karatasi, weka A4, hifadhi. Kisha rudi uangalie na "Printer properties", kwa sababu printa nyingine zina mahali pawili pa kuandika jambo lile lile na pasipowiana taa inarudi. Chapa ukurasa mmoja uliojaa hadi chini. Taa isipowaka, umemaliza.

Zile karatasi za picha nazo zina mkosaji wake. Kwenye ukurasa huo huo wa printa kuna swichi inayosema "Let Windows manage my default printer". Ikiwa imewashwa, kompyuta inaifanya printa uliyoitumia mwisho kuwa ndiyo ya kudumu. Sidhani nakosea nikisema Ijumaa ile kijana alimtolea mtu picha za pasipoti. Basi, kesho yake utafiti wa watu ukafuata njia ya picha. Izime swichi hiyo, halafu wewe mwenyewe uiteue nyeusi kuwa ya kudumu. Mwenye duka lenye printa mbili hana sababu ya kuiacha ikiwa imewashwa.

Lile neno la kuprinti lililopotea kwenye mausi limefichwa tu. Shikilia Shift halafu bonyeza kulia, menyu ndefu ya zamani inakuja yote.

Kilichobaki ni mstari wako wa kushoto, na hapo sina la kukudanganya. Windows 11 ilipotoka iliondoa uwezo wa kuusimamisha mstari huo pembeni ya skrini, na watu wengi duniani walilalamika kama wewe. Unaweza kuvivuta vitufe vitoke katikati vije kona ya kushoto kule chini. Ingia Personalization, kisha Taskbar, utaona mahali pa kuchagua upande. Ila kusimama wima, nakuomba uuage. Mahali pake nikupe kitu ambacho ningekupa hata usingeapdeti. Bandika vitufe vyako chini kwa mpangilio ule ule: Word, skana, folda. Folda ya LEO yenyewe haibandikiki kirahisi, bandika kile kitufe cha kufungulia mafaili, na LEO uikaze ndani yake juu. Halafu usivitafute kwa macho. Kitufe cha Windows kwenye kibodi ukibonyeza pamoja na 1 kinafungua cha kwanza, na 2 cha pili, na 3 cha tatu. Ilikuwa hivyo kwenye Windows 10, iko hivyo kwenye 11. Wakiusogeza mstari kesho, wakaupeleka juu, wakaupaka rangi, moja itabaki moja.

Basi uamuzi wangu ni huu. Leo usiku ukishafunga duka, fanya hayo ya printa. Kesho asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, chapa kurasa mbili kwenye kila printa, skani moja, toa kopi. Yakienda, baki hapo ulipo. Skana au printa ikikataa kabisa, rudi nyuma kabla siku ya kumi haijaisha, usione haya.

Lakini ukirudi, jua unarudi wapi. Windows 10 ilisitishiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Inawaka, inafanya kazi, ila mashimo ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena, isipokuwa ukijiandikisha kwenye mpango wa nyongeza uliotangazwa kufika 13 Oktoba 2026. Kujiandikisha ni bure ukikubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft, wenye Windows, na kuhifadhi setingi zako huko, la sivyo ni dola 30. Mtu anayeandika mashairi yake nyumbani anaweza kusema potelea mbali. Wewe huwezi. Unachomeka flashi za watu kutwa nzima. Flashi ya mwanachuo imeshapita maktabani, bwenini, kwenye kompyuta ya rafiki, na kwenye steshenari nyingine mbili kabla ya kufika kwako. Wateja wako wote wanakijua kile kirusi kinachoficha mafaili na kuacha njia za mkato zenye majina yale yale. Umeshawafichulia watu mafaili yao mara ngapi? Mashine yako ni kama choo cha stendi, samahani kwa mfano, na choo cha stendi ndicho kinachohitaji dawa kuliko choo cha nyumbani.

Na huyo fundi wa 30,000 mshukuru, mwambie umeshasaidiwa. Windows ya kukreki kwenye mashine inayopokea vyeti vya kuzaliwa na namba za NIDA za watu, hapana. Aliyeivunja kufuli mara moja hakuuambia mtaa mzima ameacha nini ndani.

Halafu ujue una bahati, hata kama haionekani hivyo. Barua nyingi za mwaka huu zinalia kinyume chako: kompyuta nzima, inafanya kazi vizuri, imekataliwa Windows 11 kwa kukosa kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 au kwa kuwa na prosesa ya zamani. Yako imekubaliwa.

Umeniuliza kama umezeeka. Mimi nilisoma uhazili Tabora, wakati hatimkato na kupiga chapa ndivyo vilivyokupa kazi. Mitihani kama hiyo ya mwalimu wako tuliikata kwenye stensili. Ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga juu yake. Nikayazoea. Ikaja kompyuta na programu ya kuandikia iitwayo WordPerfect, skrini ya buluu, haina picha hata moja, na juu ya vitufe vya F tulibandika kipande cha kadibodi kinachosema kila kimoja kinafanya nini. Nikaizoea hiyo pia, mpaka nikawa mwepesi kuliko kwenye taipu. F7 ilikuwa ya kutoka. Jioni ikifika, F7, unakwenda nyumbani. Siku tulipohamishiwa Word hakuna aliyetuuliza. Nikabonyeza F7 nitoke, kumbe huku F7 ni ya kukagua tahajia, na yenyewe ilikuwa inajua Kiingereza peke yake. Barua ya Kiswahili ya kurasa tatu, kila neno ni kosa! Ilinisimamisha kwenye "Ndugu". Nilikuwa na miaka 29, mwanangu, na nilitoka nje kwenda kulia chini ya mwembe. Ile kadibodi niliendelea kuibandika kwenye kibodi mwaka mzima ingawa haikuwa na kazi tena.

Kwa hiyo umri hauhusiki. Mkono wako ulikuwa umejifunza kazi kiasi kwamba kichwa kiliacha kuikumbuka, na hiyo ni sifa ya fundi yeyote. Ubaya ni kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyejua duka lako linavyoendeshwa, wala hapakuwa na karatasi iliyoandikwa. Ungeugua Ijumaa ile badala ya kwenda msibani, ingekuwa vile vile.

Hapo nakuja kwa kijana. Kosa lake ni moja: aliiruhusu mashine ya kazi ibadilike jioni ya kuamkia siku ya kazi, bila kumuuliza mwenyewe. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, bila kuongeza. Ila kosa la kubonyeza "baadaye" miezi yote hiyo ni lako, na kumfokea mbele ya wateja pia ni lako. Kijana wa umri wake akifokewa mbele ya watu hasikii kosa, anasikia aibu tu. Dada yako ana haki hapo, ingawa najua dada wakubwa walivyo, ataishika hiyo mpaka Idi. Hela ya madaftari na viatu usiiguse. Uliahidi kabla, na karatasi 31 za picha hazilingani na mtoto kuripoti kidato cha tano amevaa viatu vilivyotoboka.

Mwite Jumapili, duka likiwa limefungwa. Usimwite kumsamehe, mwite kazini. Kaeni wawili, wewe ufanye kazi zako zote kana kwamba kuna mteja, yeye aandike kwenye daftari kila unachobonyeza: printa ipi, saizi gani, folda ipi, namba ipi. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani nyuma ya kompyuta. Kisha muwekeane masharti ya masasisho. Unaweza kuyasimamisha kwa wiki tano, yaani wiki za mitihani zote zinapita. Na kwa kuwa unatumia bando la simu, uitaje Wi-Fi hiyo kwenye setingi kuwa ni "metered"; kompyuta itaacha kupakua masasisho mengi yenyewe. Siku mkiamua kusasisha, iwe Jumamosi jioni wakati wa likizo, na mafaili yameshanakiliwa kwenye diski ya pembeni. Yeye ndiye atakayebonyeza, wewe ukiwa umekaa hapo.

Nimemwacha mwalimu mwisho kwa sababu ndiye mgumu. Usimpigie simu. Nenda shuleni, saa za mapumziko, na usimsimulie habari za Windows wala Letter wala mpwa. Yeye kapewa karipio, hana nafasi ya kusikia kompyuta yako ilivyokuwa. Mwambie, "Mwalimu, sikuikagua kazi yako kabla ya kukukabidhi." Hiyo ndiyo kweli yenyewe, maana karatasi ya asili ulikuwa nayo mkononi kabla ya kopi 160. Mwahidi kwamba kuanzia sasa asili ya kila mtihani itasomwa kuanzia juu hadi chini na kutiwa saini kabla kopi haijatoka, na umwombe akupe mtihani mmoja tu, wa darasa dogo, akujaribu. Akikataa, mwachie, usirudi kumbembeleza. Duka la ng'ambo nalo litafikiwa na tangazo lake siku moja.

Usiende mikono mitupu. Chukua rimu moja ya karatasi, iache ofisi ya taaluma. Na kabla ya kuilipia huko dukani, soma ubavuni imeandikwa A4.